Hilux ya dizeli ikipandisha na kushusha sailensi: anza na tangi, pampu iwe ya mwisho

Gari limesimama, gia iko huru, mguu uko mbali na pedeli, lakini sailensi, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, haitulii. Inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama watu wawili wanaopokezana mchi kwenye kinu kimoja. Hujakaa sawa, jirani wa gereji ameshatoa hukumu: "Pampu hiyo imekwisha."

Huenda ni kweli. Mara nyingi si kweli. Mwongozo huu nimeuandika ili kabla hujakubali pampu ishushwe, uwe umeyaona mafuta yako kwa macho na umelijaribu gari kwa kidumu. Kazi hizo mbili hazihitaji mashine yoyote, na ukiamka mapema zinaisha kabla ya saa sita mchana.

Ninazungumzia pikapu za Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, zile zinazobeba viazi Njombe na mbao Mafinga, ambazo pampu yake inaendeshwa na vyuma na springi tu, bila kompyuta. Land Cruiser pikapu ya 1HZ utaipima kwa njia hiyohiyo. Injini zenye E mwishoni mwa jina, kama 2L-TE, 5L-E na 1KZ-TE, pampu zao zinaongozwa na umeme. Kwao hatua za mafuta na upepo humu zinafaa, ila zikishindwa itabidi utafute mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Kwa nini inapanda na kushuka

Ndani ya pampu kuna gavana: vyuma vidogo vya uzito vinavyozunguka na kutanuka mwendo ukiongezeka, na springi inayovirudisha. Injini ikilegea, gavana inaongeza dizeli. Injini ikikaza mwendo, gavana inapunguza. Sasa fikiria povu la hewa limepita. Dizeli inapungua, injini inalegea, gavana inafungua zaidi. Povu likiisha, dizeli inakuja nyingi kuliko inavyohitajika, injini inaruka juu, gavana inabana. Likija povu jingine, mchezo unaanza upya. Kwa hiyo ule mpigo unaousikia mara nyingi ni gavana inayofanya kazi yake vizuri, ikihangaika na mafuta yasiyofika sawasawa.

Jambo la pili ndilo linalowapoteza wengi. Hilux hizi hazina pampu ya umeme kwenye tangi. Pampu iliyoko kwenye injini ndiyo inayofyonza dizeli kutoka nyuma kabisa, kupitia bomba la chuma lililolala kwenye chasisi, ikapita filta, ikafika mlangoni kwake. Njia yote hiyo inavutwa. Ikitoboka, injini ikiwa inaunguruma, dizeli haidondoki nje. Upepo ndio unaoingia ndani. Ni kama kunywa maji ya dafu kwa mrija wenye ufa: unavuta hewa, na nje hakuna tone hata moja. Ndiyo maana mtu anazungushia macho chini ya gari, anaona pakavu, anasema njia ya mafuta ni nzima.

Kabla ya spana

Weka gari mahali tambarare, vuta handbreki, weka mawe mbele na nyuma ya tairi. Funga mikono mirefu ya shati na usiisogelee feni. Kisha sikiliza, na ujue unachosikia ni kipi kati ya hivi.

Mpigo wa kupanda na kushuka kwa utaratibu ni dalili ya upepo au mafuta yanayofika kwa shida. Mtikisiko wa haraka, injini ikitetemesha kioo cha pembeni na egzosi ikikohoa kwa mpigo mmoja unaojirudia, hiyo ni misi: silinda moja haifanyi kazi, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya nozeli, vile vifaa vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini. Sailensi ikiwa nzuri gari likisimama, lakini kwenye mlima kama Kitonga gari linakosa nguvu na kuvuta kwa kushtukashtuka, shuku kuziba: filta au chujio la ndani ya tangi. Ikitetemeka dakika za kwanza tu asubuhi ya baridi, kama Njombe mwezi Julai, kisha ikatulia kabisa, angalia hita plagi kwanza, zile plagi za kupasha injini joto kabla ya kuwasha, na uache mengine.

Hilux nyingi za kazi hazina saa ya mizunguko kwenye dashibodi, kwa hiyo sikio ndilo kipimo. Sailensi ya injini hizi ikiwa na joto ni takriban mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika.

Kuna vitu vya bure vya kuangalia. Kama gari lako lina kile kitasa cha kuvuta cha kupandishia sailensi, karibu na usukani, hakikisha kimeingia chote. Fungua boneti, mwambie mwenzako akanyage na kuachia pedeli, utazame kama mkono wa pampu, ule unaovutwa na waya wa pedeli, unarudi mpaka unagusa skrubu yake. Waya wa mafuta ulioota kutu au kubanwa na zulia la miguuni unaweza kukupa sailensi isiyotabirika. Kama gari lina eesi, izime. Halafu legeza kifuniko cha tangi injini ikiwa inaunguruma. Ukisikia tangi likivuta pumzi kwa nguvu na baada ya muda mfupi injini ikatulia, tundu la kupumulia limeziba na umemaliza kazi.

Chupa ya kioo

Chini ya filta kuna skrubu ya kutolea maji. Weka chupa safi ya kioo, ilegeze, piga pampu ya mkono iliyoko juu ya filta mpaka upate kama robo lita. Kaza skrubu, iache chupa imesimama nusu saa, kisha iinue kwenye mwanga.

Dizeli nzuri inang'aa, unaweza kusoma maandishi ya gazeti kupitia chupa. Maji yanakaa chini na mstari wake unaonekana wazi, kama mafuta na mchuzi. Ukungu mzima maana yake maji yamechanganyika. Vumbi jekundu ni kutu ya tangi. Utelezi mweusi kama kamasi ni vijidudu vinavyoota pale maji na dizeli vinapokutana, na vikishaota vinaziba filta mpya ndani ya safari chache. Hapo tangi lazima lishushwe lioshwe.

Nusa pia. Harufu ya mafuta ya taa ikizidi, umeuziwa mafuta yaliyochakachuliwa. Hilo ni kubwa kuliko sailensi, kwa sababu pampu hizi hazina oili yake. Dizeli inayopita ndiyo inayozilainisha, na mafuta ya taa ni membamba mno kwa kazi hiyo.

Kama hukumbuki filta ilibadilishwa lini, badilisha leo. Ijaze dizeli safi kabla ya kuifunga, paka dizeli kwenye mpira wake, kaza kwa mkono. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda juu. Mpira juu ya mpira huvuta upepo siku hiyohiyo.

Sikiliza pampu ya mkono

Hii ni hatua ya kufanya asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, kabla ya kuliwasha. Bonyeza pampu ya mkono mara moja. Ikiwa ngumu tangu mbonyezo wa kwanza, njia imejaa mafuta. Ikizama kama godoro na ukahitaji kubonyeza mara kumi, ishirini, ndipo iwe ngumu, dizeli imerudi tangini usiku, na haiwezi kurudi bila upepo kuingia mahali. Kabla ya kuilaumu njia, kumbuka kuwa vali ndogo za ndani ya pampu hiyo nazo huchoka.

Sasa washa. Sailensi ikianza kucheza, bonyeza pampu ya mkono mfululizo huku injini ikiunguruma. Unausaidia mfyonzo. Injini ikitulia ukibonyeza na kuanza tena ukiacha, tatizo liko kabla ya pampu kubwa: upepo au kuziba. Nimeona watu wakifika hapa, wakapata jibu, halafu wakaendelea kushusha pampu. Usifanye hivyo.

Mpira unaoonyesha

Nenda duka la mipira ya maji na kipande cha mpira wa dizeli wa zamani, utafute mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wenye tundu lilelile, urefu wa kama mkono mmoja. Chukua na klipu nne mpya za kukaza kwa bisibisi. Toa mpira unaotoka filta kwenda kwenye pampu, weka huu. Kama unatosha, weka kipande kingine kwenye ritani, pale mafuta yanapotoka pampu kurudi tangini. Piga pampu ya mkono hadi ikaze, washa, liache gari liungurume dakika kumi. Upepo ulioingia wakati unafungua lazima utoke kwanza, usiuhesabu.

Baada ya hapo tazama. Mpira wenye mafuta mazuri unaonekana kama hauna kitu, dizeli imejaa na imetulia mpaka unajiuliza kama inatembea. Mpira wa gari linalovuta upepo una mapovu madogo yanayokimbizana kama ya soda, na kila baada ya sekunde chache linakuja povu refu, jeupe, linajaza tundu lote. Hesabu kimoyomoyo: povu refu limepita, moja, mbili, na injini inalegea. Ukishaona mlio wa injini unafuata povu, hakuna fundi atakayekubabaisha tena.

Gari langu la kwanza la 3L lilinifundisha hili kwa hasara. Gereji moja waliishusha pampu, wakaifanyia ovahoo, nikalipa pesa ya safari tatu za viazi. Wiki ya pili sailensi ikarudi ilivyokuwa. Nikalipeleka kwa mzee mmoja aliyezoea dizeli. Nikamwambia, "Mzee, hii pampu wamenidanganya." Akaniambia, "Mwanangu, pampu yako hata sijaiuliza. Nionyeshe mafuta yake kwanza." Akaweka mpira wa kuonyesha, mapovu yakaonekana. Kosa lilikuwa kipande cha mpira cha urefu wa kidole, karibu na tairi la nyuma, kilichopasuka chini ya klipu. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Ulionekana pale tu alipoukunja mpira.

Kidumu

Ukiyaona mapovu, au kama huyaoni lakini injini bado inacheza, kidumu kitakuambia kosa liko upande gani. Tafuta kidumu cha lita tano, kioshe, kikauke kabisa, weka dizeli safi lita tatu iliyochujwa kwa kitambaa kizito. Kifunge kwa kamba mahali imara, juu kuliko pampu, mbali na feni na egzosi. Kamba iwe ya kweli. Kidumu kikidondokea mikanda utakuwa na kazi nyingine.

Kwanza, chomoa mpira unaoleta mafuta kwenye filta kutoka tangini, uuzibe kwa bolti, na kwenye mdomo wa filta weka mpira unaotoka kidumuni. Ritani nayo iingie kidumuni. Piga pampu ya mkono, washa, subiri dakika kumi. Injini ikitulia, mara nyingi filta na pampu ni nzima: kosa liko kati ya tangi na filta.

Ikiendelea kucheza, iruke filta. Mpira wa kidumu uingie moja kwa moja kwenye pampu, na katikati yake weka ile filta ndogo ya plastiki, maana hata punje ya mchanga ni adui wa pampu hii. Kwa kuwa pampu ya mkono haimo sasa, acha mafuta yashuke yenyewe mpaka mpira ujae kabla ya kuunganisha. Injini ikitulia sasa, kosa ni kichwa cha filta. Mara nyingi ni mpira wa ndani wa pampu ya mkono uliopasuka, au oringi ya kile kihisi cha maji cha chini. Kichwa hicho kinauzwa kizima, na bei yake haikaribii ya pampu kubwa.

Ikicheza bado, hata kwa kidumu kilicho mlangoni kwa pampu, basi ndiyo uanze kuzungumza habari za pampu na nozeli.

Kulitafuta tundu

Kosa likiwa nyuma, anza na mipira, kwa sababu mpira huzeeka haraka kuliko chuma. Kuna mipira mifupi juu ya tangi, mingine pale bomba la chasisi linapoishia karibu na injini. Usiiangalie kwa nje tu. Toa klipu, kunja kila ncha. Ncha iliyogeuka ngumu kama plastiki, kata au badilisha. Nunua mpira wa dizeli wenyewe, si wa maji. Wa maji unavimba na kulainika.

Kisha pitisha mkono kwenye bomba la chuma, hasa chini ya vile vishikizo vinavyolibana kwenye chasisi. Tope hukaa pale, na kutu hulila bomba upande usioonekana.

Kama gari linacheza tu mafuta yakishuka chini ya robo tangi, shuku bomba la kufyonzea ndani ya tangi: limetoboka katikati, na mafuta yakishuka chini ya tundu linavuta hewa. Na kama mpira wa kuonyesha hauna mapovu lakini pampu ya mkono ukiibonyeza inabaki chini, hairudi juu haraka, hiyo ni kuziba. Fungua kifuniko cha tangi, chomoa mpira kwenye filta, mwambie mwenzako apulize taratibu kwa pampu ya baiskeli kurudi nyuma huku umetega sikio tangini. Unatakiwa usikie mlio kama wa maji yanayochemka. Ukisikia kimya kisha "bluu!" moja kubwa, umezibua kwa leo, lakini uchafu bado umo ndani na utarudi.

Usisahau upande wa nozeli. Juu yake kuna bomba jembamba la ritani lenye washa chini ya kila nati, na mpira mfupi unaoliunganisha. Sehemu hii ikilowa dizeli, badilisha washa zote kwa pamoja. Uvujaji hapa huruhusu upepo uingie gari likilala, na asubuhi unapata mwasho mgumu na sailensi inayocheza dakika chache.

Nozeli

Kama ni misi, si mpigo, fanya hivi injini ikiwa kwenye sailensi. Vaa miwani na glovu. Kwa spana namba 17 legeza nati ya bomba la shinikizo juu ya nozeli moja, nusu mzunguko, ukiwa umeifunika kwa kitambaa kinene. Sikiliza, kaza, nenda ya pili. Silinda nzima ukiilegeza, injini inaanguka na kutikisika zaidi. Ukifika silinda ambayo kulegeza hakubadilishi kitu, umeipata mbovu. Ibadilishane nozeli na jirani yake, kwa washa mpya. Ugonjwa ukihama, ni nozeli, ipeleke kwa mwenye mashine ya kupimia mnyunyizo. Ugonjwa ukibaki palepale, pima kompresheni na nafasi za valvu.

Dizeli inayotoka kwenye bomba la shinikizo inapenya ngozi. Usiwahi kuweka kiganja kuzuia wala kidole kutafuta uvujaji. Ikikuingia mkononi, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano na hakiumi, nenda hospitali saa hiyohiyo na uwaeleze ni dizeli ya shinikizo. Watu wamekatwa vidole kwa kusubiri mpaka kesho.

Na kama siku yoyote injini ikipanda na kuendelea kupanda bila kushuka, huo si mchezo wa sailensi tena. Zima swichi. Isipokubali, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa, achia klachi iife. Usisogeze mkono kwenye mdomo wa hewa.

Pampu

Umefika hapa kwa haki. Tazama shina la mkono wa mafuta juu ya pampu: likilowa dizeli, oringi yake imekufa, na gari likilala upepo unaingia hapohapo. Likichezacheza ukilitikisa, limelika. Oringi hubadilishwa, kiasi fundi mzuri haishushi hata pampu. Gavana iliyolika ndani ndiyo inayohitaji benchi, ile mashine ya kupimia pampu.

Usikubali skrubu ya sailensi ipandishwe ili kuficha mtikisiko. Inanyamazisha dalili kwa wiki mbili na kukuongezea ulaji wa mafuta. Ile skrubu nyingine yenye waya na lakiri isiguswe kabisa nje ya benchi.

Pampu ikishuka, chora alama kwa msumari kati ya mwili wake na kibati cha injini, ili irudi kwenye taimingi ileile. Omba ipimwe mbele yako kabla ya kufunguliwa, na vifaa vya zamani urudishiwe mkononi. Waulize pia umri wa mkanda wa taimingi, maana kuufikia kwenye 2L, 3L na 5L ni kazi hiyohiyo, na ukikatika unaharibu kichwa cha injini.

Mwenye injini ya petroli

Kwako mambo ni tofauti, na jaribio la kidumu usilifanye kamwe: petroli itakuunguza. Hilux ya 22R ya kabureta ikicheza, tafuta mipira ya vakyumu iliyopasuka na gasketi ya chini ya kabureta. Ya 22R-E, kabla ya chochote, fungua rejeta injini ikiwa baridi na ujaze maji. Ina vali ya hewa inayofungwa kwa joto la maji ya injini; maji yakipungua vali inabaki wazi, sailensi inapanda, kompyuta inakata mafuta, inashuka, inayarudisha.

Kuhakikisha

Toa mpira wa plastiki, rudisha wa dizeli na klipu mpya. Ule wa kuonyesha, dizeli huufanya ukakamae na kupasuka, usiuache kwenye gari. Liache gari lilale usiku mzima, pua ikiwa juu kidogo kuliko tangi. Asubuhi bonyeza pampu ya mkono mara moja: iwe ngumu. Washa bila kugusa pedeli: ishike, itulie kwenye mlio mmoja. Kisha pakia nusu ya mzigo wako wa kawaida, ukiwa na mafuta chini ya robo tangi, upande mlima mrefu uliokuwa unakusumbua.